Chapati za maji zinanata, vitumbua havifuri: matatizo ya kifungua kinywa na namna ya kuyatatua

Chapati za maji, pankeki nene, vitumbua na vibibi vyote hupikwa kwa kumimina rojo juu ya chuma cha moto, ndiyo maana malalamiko ya wapishi wake hufanana sana. Imenata. Imechanika. Imeungua nje, ndani mbichi. Imelala badala ya kufura.

Kinachowaangusha wengi ni kukimbilia bakuli. Chapati ikinata, unga unaongezwa. Kitumbua kikilala, hamira inaongezwa. Mara nyingi bakuli halina kosa lolote. Kosa liko kwenye moto, au kwenye muda ambao rojo halikupewa. Kwa hiyo kila tatizo hapa chini linaanza na ukaguzi usiogharimu kitu, na vipimo tunavigusa baadaye. Badilisha jambo moja kwa wakati. Ukipunguza moto, ukaongeza yai na kubadilisha mafuta kwa mpigo mmoja, hutajua ni lipi lililosaidia, na kesho utaanza upya.

Vipimo vya kulinganishia ni hivi, kikombe kikiwa cha mililita 250:

- Chapati za maji (Zanzibar huitwa mikate ya maji): unga wa ngano vikombe 2, maji au maziwa vikombe 2¼ hadi 2½, yai 1 au 2, chumvi kidogo, sukari kwa kupenda.
- Pankeki nene: unga wa ngano vikombe 2, baking poda vijiko 3 hadi 4 vya chai, maziwa vikombe 1½ hadi 1¾, yai 1 au 2, siagi iliyoyeyushwa vijiko 2 vya mezani.
- Vitumbua: mchele vikombe 2 uliolala kwenye maji usiku kucha, tui zito kikombe 1 hadi 1½, hamira kijiko 1 cha chai, sukari nusu kikombe, iliki.
- Vibibi: karibu rojo hilohilo la vitumbua, ila jepesi zaidi na sukari pungufu.

Ya kwanza inaharibika, zinazofuata zinatoka safi

Hapa hakuna ugonjwa. Kikaango hakijapata moto sawasawa. Kiweke kwenye moto wa wastani dakika tatu hadi tano, kisha nyunyiza matone ya maji. Yakikaa na kutokota polepole, bado. Yakicheza na kukauka mara moja, mimina. Yakijiviringa na kukimbia huku na huku bila kukauka, moto umezidi, punguza na usubiri.

Sababu ya pili ni mafuta mengi kwenye ile ya kwanza. Usimimine mafuta, paka. Kata kitunguu maji nusu, kichome kwa uma, kichovye kwenye mafuta na upakie kikaango upande ule uliokatwa. Kinapaka utando mwembamba kila pahali na hakiungui haraka kama kitambaa.

Inanata na haitaki kuachia

Kabla ya lolote, subiri. Chapati ambayo upande wa chini haujaiva hushika chuma, na ikishaiva hujiachia yenyewe. Tikisa kikaango kidogo. Ikiteleza, geuza. Isipoteleza, ipe nusu dakika nyingine. Nusu ya chapati "zilizonata" hazikunata, ziliharakishwa.

Kama umesubiri na bado imeshika, angalia kwa mpangilio huu.

Kwanza, moto mdogo mno. Rojo likikuta chuma vuguvugu linakaa na kushika kabla ya kupata ngozi. Jaribu tena matone ya maji.

Pili, mabaki. Mafuta ya jana yaliyoungua huacha utando wa kahawia unaonata ukigusa kwa kidole. Utando huo hushika kila kitu. Chemsha maji kidogo ndani ya kikaango, sugua kwa sifongo, kausha juu ya moto.

Tatu, sukari. Ikizidi takribani vijiko viwili vya mezani kwa kila kikombe cha unga, inayeyuka na kuganda kwenye chuma kabla chapati haijaiva. Anayependa tamu anywe nayo chai yenye sukari, au amwagie asali juu ikishaiva.

Nne, chuma chenyewe, na hapa vitumbua ndivyo vinavyotesa watu zaidi. Kikaango kipya cha vitumbua hakipikiki siku hiyohiyo kinapotoka sokoni. Kinahitaji kulishwa mafuta. Kioshe vizuri kwa sabuni na brashi ili kuondoa vumbi na mafuta ya kiwandani, kikaushe kabisa juu ya moto, kisha paka kila kishimo mafuta ya kula, membamba kiasi cha kung'aa tu. Kiache motoni mpaka kianze kutoa moshi, kiipue kipoe, paka tena, rudia mara tatu au nne. Fungua madirisha, maana moshi wake unawasha macho. Chuma kilicholishwa namna hiyo hugeuka cheusi na laini. Toka hapo usikisugue tena kwa steelwaya. Kipanguse kikiwa bado vuguvugu, kipake tone la mafuta na ukihifadhi pakavu. Ukikiosha kwa sabuni kali baada ya kila mapishi utakuwa unaanza upya kila wiki, na ukimwazima jirani mwambie hilo kabla hajaondoka nacho.

Vikaango vingi vya sokoni ni vya alumini ya kuyeyusha vyuma chakavu. Hupika vizuri, lakini usilaze ndani yake rojo lililochacha, wala lenye maziwa mgando au ndimu. Uchachu huichokonoa alumini na kuteremsha metali kwenye chakula, na chuma chakavu huweza kuwa na risasi, ile metali yenye sumu, ndani yake. Rojo lilale kwenye bakuli la plastiki safi, la kioo au la udongo.

Acha kutumia: kikaango cha kisasa kisichonata kikianza kubanduka na kuacha vipande kwenye chapati, kimemaliza kazi, hakuna fundi wala dawa ya kukirudisha. Na usikiache kitupu kwenye moto mkali. Utando wake huanza kuharibika joto likipita takribani nyuzi 260 za Selsiasi, na moshi wake unadhuru mapafu. Kwenye nyumba yenye ndege wa kufugwa, moshi huo unaweza kumuua ndege.

Inachanika ukigeuza

Kama upande wa chini bado mweupe na unyevu, umegeuza mapema. Chapati ya maji huonyesha wakati wake: juu inakauka na kupoteza mng'aro, kingo zinainuka. Pitisha mwiko bapa kuzunguka kingo zote kwanza, kisha ingiza katikati.

Kama rangi ilikuwa nzuri na bado imechanika, rojo ni jepesi mno au halina kishikizo. Ngano hujishika yenyewe kwa sababu protini zake hutengeneza utando unaovutika zikikutana na maji. Mchele, muhogo, mtama na mahindi havina utando huo. Ndiyo maana anayechanganya unga wa ngano na wa muhogo nusu kwa nusu hulalamika kwamba chapati zinavunjika. Rudisha ngano iwe angalau theluthi mbili, au ongeza yai. Asiyekula ngano kabisa apike chapati ndogo, za upana wa kiganja, maana ndogo hugeuka bila kuvunjika.

Rojo likiwa jepesi, usimwage unga mkavu ndani, utapata mabuje. Chota rojo kidogo kwenye kikombe, koroga unga humo mpaka uwe laini, ndipo urudishe bakulini.

Na mabuje yenyewe? Chuja. Wengi hukoroga kwa hasira mpaka yaishe, na kwa kufanya hivyo wanajitengenezea tatizo linalofuata. Kesho yake weka unga kwanza, toboa shimo katikati, mimina nusu tu ya maji, koroga mpaka uwe mzito na laini, halafu ndipo umalizie maji. Mabuje hutokea kwa sababu unga unaelea kwenye maji mengi na hakuna kinachoyaponda.

Ngumu, inavutika kama mpira

Sababu ya kwanza ni kukoroga kupita kiasi. Ule utando wa ngano ukichapwa sana hukaza. Pankeki nene ndizo zinazoumia zaidi: rojo lake likorogwe mpaka unga mkavu usionekane, basi. Vibuje vidogo vikibaki humo viache, vitaiva. Blenda ni nzuri kwa chapati za maji ikiwa utaliacha rojo lipumzike baadaye, lakini kwa pankeki nene ni adui.

Sababu ya pili ni kutolipumzisha. Rojo la chapati za maji likikaa dakika 20 hadi 30 limefunikwa, unga unanywa maji, utando unalegea, povu linatulia. Ukiwa na haraka ya shule, koroga usiku na uweke kwenye friji. Asubuhi litakuwa limezidi uzito kidogo, ongeza maji kidogo.

Ya tatu ni moto mdogo. Chapati inayokaa dakika nne upande mmoja inakauka kabla ya kupata rangi. Chapati nyembamba ya maji haipaswi kuzidi dakika moja hadi moja na nusu kila upande.

Ukishakagua hayo matatu na bado ngumu, tazama mfuko wa unga. Unga uliotengenezwa kwa ajili ya mikate ya kuoka una protini nyingi, unafaa kwa mkate, haufai hapa. Badilisha vijiko viwili au vitatu vya kila kikombe kwa wanga wa mahindi, au nunua unga wa matumizi ya kawaida.

Upande mmoja imeungua, mwingine mweupe

Zungusha kikaango robo mzunguko kila unapopika. Doa likihama pamoja na kikaango, kikaango kimepinda tako. Doa likibaki palepale juu ya jiko, jiko ndilo lenye kasoro.

Kwa jiko la gesi, zima, liache lipoe, toa kichwa cha moto na utazame matundu. Rojo la chapati lililofurika jana ndilo linaloziba. Yazibue kwa sindano au waya mwembamba, osha, kausha kabisa kabla ya kurudisha. Mwali mzuri ni wa buluu. Mwali wa njano unaoacha masizi chini ya sufuria una maana gesi haiungui yote, na hapo pamoja na kuchafua vyombo unatoa hewa ya sumu.

Simama hapo, ita fundi: ukishasafisha na mwali bado ni wa njano, ukisikia harufu ya gesi jiko likiwa limezimwa, au mpira wa gesi ukiwa umepasuka au umekauka. Harufu ikiwepo, funga valvu ya mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti, toka nje ndipo upige simu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hujikusanya chini sakafuni, kwa hiyo harufu kupungua puani si dalili kwamba imekwisha. Uvujaji unapimwa kwa povu la sabuni kwenye maungio, kamwe si kwa njiti ya kiberiti, hata kama jirani amekuwa akifanya hivyo miaka yote.

Kwa jiko la mkaa, sambaza makaa yawe sawa na usubiri yavae jivu. Makaa meusi yanayowaka kwa mwali hayafai kwa chapati. Na usipikie mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Wapishi wakianza kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu kwa pamoja, watoke nje wote mara moja, na atakayeonekana kuchanganyikiwa au kulegea apelekwe hospitali.

Nje imeiva, ndani bado uji

Moto umezidi, katika visa vingi sana. Punguza na usubiri dakika mbili kabla ya kumimina tena, maana chuma hakipoi papo hapo. Jiko la gesi ambalo hata likipunguzwa bado linawaka sana, weka chuma cha chapati chini ya kikaango ili kigawe joto.

Kama moto ni mdogo tayari, umemimina nene mno. Pankeki nene iwe robo kikombe kwa moja. Kitumbua kijazwe robo tatu ya kishimo, kisijazwe mpaka ukingoni, maana kitafura.

Kikaango cha vitumbua kina kasoro ya kuzaliwa nayo: kishimo cha katikati huwa na joto kuliko vya pembeni. Mimina vya pembeni kwanza, cha katikati mwisho, na kigeuze cha katikati mwanzo. Wauzaji wa alfajiri hufanya hivyo bila kufikiri.

Pankeki nene zimelala bapa

Pima baking poda kabla ya kulaumu mapishi. Tia nusu kijiko cha chai kwenye maji ya moto robo kikombe. Ikitoa povu kwa fujo, ni nzima. Ikitoa viputo vichache vya uvivu, itupe. Kopo lililofunguliwa na kukaa kwenye unyevu wa pwani hufa mapema kuliko tarehe iliyoandikwa, hasa likichotwa na kijiko kibichi.

Ikiwa nzima, jiulize rojo limekaa muda gani. Tofauti na chapati za maji, pankeki nene haipendi kungoja muda mrefu. Dakika tano hadi kumi zinatosha, likikaa saa nzima hewa imekwisha kutoka.

Kisha tazama mkono wako. Kuna mtu akishageuza pankeki lazima aikandamize kwa mwiko. Hewa yote uliyoihangaikia inatoka hapo, kwa sauti. Geuza mara moja tu, viputo vya juu vikipasuka na kuacha matundu yasiyojiziba, na usiikandamize.

Unga uliokwisha kutiwa baking poda kiwandani huuzwa madukani, sana Kenya. Soma mfuko. Ukiongeza yako juu yake, pankeki hufura sana kisha hunywea katikati na kuacha uchungu mdomoni.

Magadi soda hayafanyi kazi peke yake, yanahitaji uchachu. Kikombe kimoja cha maziwa mgando kinatosha nusu kijiko cha chai cha magadi soda. Maziwa freshi na magadi soda bila ndimu wala mtindi yatakupa rangi ya kahawia, madoa ya njano na ladha ya sabuni.

Vitumbua havifuri

Anza na hamira. Maji vuguvugu nusu kikombe, yawe ya kuvumilika kabisa kwenye kifundo cha mkono, sukari kijiko kimoja cha chai, hamira kijiko kimoja. Ngoja dakika kumi. Povu likipanda, hamira ni hai. Lisipopanda, usipoteze mchele wako.

Hamira hai hufa kwa kukutana na tui lililotoka motoni. Kuanzia nyuzi 55 hadi 60 hivi haiponi. Tui lipoe mpaka uweze kuacha kidole ndani bila kushtuka.

Baada ya hapo ni hali ya hewa, na mapishi mengi hayasemi hili. Rojo linaloumuka kwa saa moja Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari linaweza kuhitaji saa mbili na zaidi Njombe au Limuru mwezi wa Julai. Usitazame saa, tazama bakuli: limekaribia kujaa mara mbili, juu kuna viputo, ukilitikisa linatetemeka. Kwenye baridi, weka bakuli ndani ya beseni la maji vuguvugu na ufunike yote kwa kanga. Usiongeze hamira, utaisikia mdomoni.

Sukari nyingi nayo huidumaza hamira. Kwa vikombe viwili vya mchele, ikizidi nusu kikombe tegemea kungoja zaidi.

Kama vilifura kikaangoni kisha vikanywea sahanini, rojo lilipitiliza kuumuka. Likoroge kidogo, subiri dakika kumi na tano, pika haraka. Likishaanza kunukia pombe na kuwa kali kwa ulimi, robo kijiko cha chai cha magadi soda hupunguza uchachu. Likinuka vibaya, likitoa utelezi au rangi isiyo yake, mwaga. Tui huharibika upesi kwenye joto, na tumbo la mtoto si mahali pa kujaribia. Kama hutalipika ndani ya saa chache, rojo liingie kwenye friji mara tu linapoumuka.

Vitumbua chengachenga, au vigumu kesho yake

Mchele haukulowa vya kutosha au haukusagwa vya kutosha. Chukua rojo kati ya vidole viwili usugue. Ukisikia mchanga, rudisha kwenye blenda. Mchele ulowe saa sita angalau, usiku kucha ni bora. Usage kwa tui kidogo kidogo. Ukimwaga tui lote kwa mkupuo, chenga zinaogelea na visu havizipati.

Wanaotumia unga wa mchele wa dukani mara nyingi hupata vitumbua vikavu. Unga huo haukulowa. Uloweke kwenye tui saa moja hadi mbili kabla ya kutia hamira.

Kwa ulaini unaodumu mpaka jioni kuna njia ya zamani: chota vijiko vitatu au vinne vya rojo kabla ya hamira, chemsha na maji nusu kikombe mpaka liwe uji mzito, uache upoe, kisha changanya na rojo lililobaki. Wanga ulioiva hushika maji, na kwa kuwa mchele hauna utando wa ngano, uji huo ndio unaofanya kazi ya kushikisha. Wali wa jana kiasi cha konzi moja, ukisagwa pamoja na mchele, hufanya kazi ileile.

Vitumbua vimelewa mafuta

Mafuta hayakuwa na moto, au yalikuwa mengi. Kijiko kimoja cha chai kwa kishimo kinatosha. Tone la rojo likitupwa humo litoe sauti mara moja. Likikaa kimya, ngoja. Rojo jepesi mno nalo hunywa mafuta, na hapo ndipo pekee ambapo kuongeza unga wa mchele, kijiko kimoja kimoja, kuna haki.

Mafuta yakianza kutoa moshi, yameshapita. Zima, yaache yapoe. Yakishika moto, zima jiko kama unafika salama, funika kwa mfuniko au sinia la chuma, usiguse mpaka yapoe kabisa. Usimwage maji, yatarusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Usibebe chombo kukimbiza nje. Moto ukivuka kikaango, toa watu nje na piga simu zimamoto: Tanzania ni 114, Kenya 999 au 112.

Ukiungua, maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na bangili kabla ya kuvimba. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala mafuta. Nenda hospitali kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, kama liko usoni, mkononi au kwenye maungio, kama ngozi imegeuka nyeupe au nyeusi, na kwa mtoto mdogo usisubiri hata kidogo.

Vibibi havitoi matundu

Rojo zito ndiyo sababu ya kwanza. Viputo haviwezi kupanda. Legeza kwa tui jepesi, kijiko baada ya kijiko, mpaka likimiminwa lienee lenyewe bila kusukumwa na upawa. Ya pili, umefunika mapema. Acha matundu yaanze kujitokeza, ndipo ufunike, mvuke umalizie juu. Ya tatu, umekoroga rojo baada ya kuumuka na kutoa hewa yote. Chota kutoka pembeni taratibu. Kama ladha ni nzuri lakini matundu hakuna, vigeuze upande wa pili kama wanavyofanya wengine, umwagie tui la iliki, hakuna atakayeuliza.

Ladha si yake

Ladha ya sabuni ni magadi soda yaliyozidi au yaliyokosa uchachu. Uchungu wa metali ni baking poda nyingi. Ladha ya pombe ni rojo lililopitiliza. Ukakasi wa mafuta ya zamani unatoka kwenye nazi iliyokunwa jana, au samli iliyokaa juani. Hayo yote yanarekebishika kesho.

Harufu ya uvundo hairekebishiki. Unga au mchele wenye madoa ya kijani, meusi au ya njano, au unaonuka ukungu, hausafishwi kwa kuchekecha, kuosha wala kuanika. Sumukuvu haionekani kwa macho na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 watu walifariki mikoani Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Tupa, na usiwape kuku.

Midomo ikivimba, ngozi ikitoka vipele au pumzi ikibana muda mfupi baada ya kula, hilo halihusiani na ladha. Mayai, maziwa na ngano ni miongoni mwa vyakula vinavyoamsha mzio mara nyingi. Pumzi ikibana, hospitali papo hapo, na chakula hicho kisirudiwe mpaka daktari aseme.

Zimeshikana kwenye hotpoti

Mvuke. Chapati zikitoka motoni zipangwe kwanza kwenye chujio au wavu dakika moja au mbili, kisha ziingie hotpoti juu ya kitambaa safi kikavu, na kitambaa kingine juu chini ya mfuniko. Vitumbua visibanane vikiwa vya moto. Pankeki nene ndizo hazipendi hotpoti kabisa. Zipike za mwisho, watu wakiwa wameshakaa mezani.